Si Bizari, ni Nazi Uliyoinunua

"Bi mkubwa, wallahi nambie, umetia bizari gani humu?"

Nimeulizwa tena. Safari hii na bibi harusi mtarajiwa aliyeletwa na mama yake nimfunze kupika kabla hajaolewa. Kikapu kimejaa paketi: bizari ya mchuzi, bizari ya samaki, bizari ya biriani, vidonge vya supu vya rangi mbili. Nazi hakuja nayo. "Nilidhani nitanunua yoyote hapo nje." Yoyote! Basi nikaona heri niandike, atakayeuliza tena nimtumie hii tuachane salama.

Mimi hupika kwenye shughuli, harusi na khitma, na nyumbani napika kama wenzangu wote: nimechoka, magharibi imeshaadhiniwa, watoto wanauliza kitaliwa nini. Chakula cha saa hiyo, kunde na wali, muhogo wa nazi, vibua viwili na mchuzi, ndicho kinachoumbuliwa na ununuzi mbaya, kwa sababu hakina pa kujificha. Biriani ikienda kombo utainusuru kwa zafarani na vitunguu vya kukaanga. Mchuzi wa changu wa watu wanne hauna wa kuunusuru. Tui likiwa bovu, hiyo bizari yako itanukia juu ya ubovu.

Muuzaji wa nazi atakwambia zote zimekauka. Msikilize, kisha uzitikise mwenyewe karibu na sikio. Koroma limejaa maji mpaka juu, kwa hiyo halilii, au linalia kwa sauti iliyozibika. Nazi iliyopevuka imeshapunguza maji, inalia waziwazi. Isiyolia kabisa na tena nyepesi mkononi, hilo joya, au ina ufa na maji yameshatoka. Tazama na macho yake matatu: yakiwa na unyevu au ukungu, irudishe kwenye fungu bila kuona haya.

Nazi huchukua karibu mwaka mzima tangu ua mpaka kukomaa, na mafuta hujaa mwishoni. Nyama ya nazi iliyokomaa, karibu theluthi ya uzito wake ni mafuta. Koroma lina maji mengi na mafuta haba, ingawa ni tamu kulitafuna. Ndiyo maana mtu anakuna makoroma mawili, anachuja, anapata kitu cheupe, anafurahi. Anapika nacho, mchuzi hauna ladha, anakimbilia dukani kuongeza bizari. Ugonjwa uko mguuni, yeye anafunga kitambaa kichwani.

Lakini niseme na hili ambalo vitabu vya mapishi havilisemi: vipimo vyote hivyo havina dhamana. Nazi mbili za fungu moja, zote zinalia, zote nzito, moja inakupa kasimile, tui zito la mkamuo wa kwanza, ya kusimamisha kijiko, ya pili inakupa uji wa mgonjwa. Mie nimezoea kununua moja zaidi ya ninazohitaji, na kila nikivunja, nachokoa kipande natafuna kabla sijaigusisha na nyenzake. Nazi moja iliyovunda ikichanganyika na nzima tatu, umepoteza nne. Ukipeleka sokoni kukuniwa kwa mashine, simama hapo hapo zikivunjwa. Usiende kununua tungule, yaani nyanya, ukarudi kuchukua mfuko uliokwisha fungwa.

Ukune kwa mbuzi au usage kwa blenda, sina ugomvi. Nina ugomvi na maji. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi joto 24 hivi. Nazi uliyoilaza kwenye friji, ukaitoa ukaichuja kwa maji baridi, mafuta yake yamebaki kwenye machicha, na machicha unawatupia kuku. Kuku wako wananenepa, wewe unalalamika nazi za siku hizi hazina tui. Tumia maji ya uvuguvugu, kidogo sana mkamuo wa kwanza, uyafikiche na nazi kwa mkono kabla ya kutia kwenye kifumbu. Hiyo ndiyo kasimile. Iweke mbali. Mkamuo wa pili na wa tatu, kwa maji zaidi, ndio tui bubu, na hilo ndilo la kupikia.

Narudia kwa sababu hapa ndipo ninapopandwa na hasira. Tui bubu ndilo la kupikia. Kunde ziive ndani yake, muhogo uive ndani yake, wali uive ndani yake. Kasimile inaingia chakula kikiwa kimeshaiva, moto mdogo, ikichemka kidogo tu basi. Mtu anachanganya yote kwenye bakuli moja "kupunguza vyombo", anamimina, anafunika, anaondoka, halafu ananitumia picha ya sufuria yenye vipande vyeupe vinavyoelea juu ya maji, na swali: nazi mbaya au bizari mbaya?

Si nazi wala bizari, tui limekatika. Tui ni matone ya mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji, yakishikiliwa na protini za nazi yenyewe. Moto ukiwa mkali zile protini zinaganda, matone yanakosa wa kuyashika, mafuta yanakwenda zake na maji yanakwenda zake. Ukali wa ndimu, ukwaju au tungule nyingi unaharakisha hayo. Kwa hiyo ukwaju nautia mapema kwenye tui bubu, ambalo halina mengi ya kukatika, na ndimu naikamua sufuria ikiwa imeshaepuliwa.

Sasa wanakuja mabingwa wa upande wa pili: wakiona mafuta yoyote juu ya mchuzi wanasema tui limekatika. Jamani. Pweza wa nazi aliyepikwa taratibu, maji yakapungua polepole, mchuzi ukawa mzito ukaanza kutoa mafuta pembeni ya sufuria, huyo ameiva sawasawa na hayo mafuta ndiyo utamu wenyewe. Tofauti unaiona kwa upawa: uteke, uumimine. Ukianguka mzito na umeshikana, mafuta yaache. Ukianguka maji kwanza na chembechembe nyeupe zikabaki kwenye upawa, hilo limekatika, na hata ukoroge mpaka alfajiri halirudi. Linalika vilevile, si sumu, ila usinitumie picha.

Kuhusu kukoroga: bibi zetu walituambia uteke kwa upawa na kumimina, uteke na kumimina, tena usiache hata kidogo. Nafanya hivyo na nitawafunza wengine hivyo. Ndani ya moyo nashuku kazi kubwa ni ya moto mdogo, na kwamba faida ya upawa ni kukufunga hapo jikoni usipate nafasi ya kushika simu.

Na tui la kopo? Mnataka nilitukane. Sitalitukana. Makopo mengi hutiwa vizito vya kulifanya lisikatike, ndiyo maana linavumilia moto ambao la kwako halivumilii. Siku ya kazi, kunde zikiwa zimeshachemshwa, kitunguu, pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa, kopo moja likaingia mwisho, wageni wangu wamekula na wamesifu, na mara nyingine mimi mwenyewe nisingelitambua. Kwenye wali wa nazi nalitambua kila mara, na kwenye samaki wa kupaka silitii kabisa, kwani pale tui limesimama peke yake na harufu ya nazi mbichi haina mbadala. Soma ubavuni mwa kopo: kama maji yametajwa kabla ya nazi, unanunua maji.

Bizari nitazipitia haraka kwa kuwa ndizo mnazozipenda kupita kiasi. Nunua nzima, kidogo kidogo, usage au utwange siku ya kupika. Uzile, gilgilani, iliki, mdalasini, pilipili manga, vyote hivyo vikishasagwa harufu inaanza kuondoka. Karafuu ibonyeze kwa ukucha, ikitoa mafuta ni nzuri. Karafuu ya kusagwa huwezi kujua imechanganywa na makonyo, vile vijiti vya mashada yake, kiasi gani, na makonyo kule Wawi, Pemba, yana kiwanda chake cha kuyakamua mafuta, hayana haja ya kupitia kwenye pilau yangu. Wazanzibari kununua karafuu ya unga kwenye paketi iliyosafirishwa kutoka nje, hilo nawaachia wenyewe mlitafakari. Vidonge vya supu ni chumvi. Ukivitia, usitie chumvi nyingine kabla hujaonja.

Samaki: fungua mashavu, yawe mekundu, macho yawe yametuna, nyama ukiibonyeza irudi. Hayo mnayajua. Msilolijua, au mnajifanya hamlijui: jodari na vibua vilivyoshinda juani bila barafu hujenga sumu ambayo moto hauiondoi. Haikaangiki ikatoka, haichemki ikatoka. Mtu anakula, anawashwa mwili mzima, uso unaiva, anasema ana aleji ya samaki. Pengine hana aleji yoyote, amenunua samaki wa saa kumi jioni kwa bei ya kutupa. Bei ikishuka ghafla namna hiyo, chukua dagaa wakavu, au nenda kwenye mchicha na choroko.

Tungule za kuiva kabisa, laini, zile ambazo muuzaji anaziweka kando kwenye fungu la bei rahisi, ndizo za mchuzi. Ngumu zenye kung'aa ni za kachumbari. Watu hufanya kinyume chake na kuongeza ile ya kopo ili mchuzi upate rangi.

Limebaki swali la Ramadhani, maana nazi zikipanda bei kila mtu anataka kuweka akiba. Usigandishe tui. Likiyeyuka linakuwa limeachana, nawe umejikatia mwenyewe hata jiko hujawasha. Gandisha nazi iliyokunwa, kwenye vifuko vya mlo mmoja mmoja, umetoa hewa, na ule ndani ya mwezi huo. Saa tisa alasiri toa kifuko, kiache juu ya meza mpaka nazi ilainike, umiminie maji ya moto, usubiri yapoe kiasi cha mkono kuvumilia, kisha ukamue. Na machicha msiwape kuku kabla hamjayakamua mara ya tatu.