Jina Kamili Katika Saraka za Vifurushi vya Programu: Dhana Potofu na Ukweli

Mtu anapoandika "flask" katika kisanduku cha kutafutia cha PyPI, saraka ya vifurushi (programu zilizo tayari kusakinishwa) vya lugha ya programu ya Python, mara nyingi hatafuti mada, anataja jina. Wajenzi wengi wa saraka huisahau tofauti hiyo, na ndiyo maana mtumiaji hulazimika kupekua matokeo kadhaa kabla ya kukifikia kifurushi alichokitaja waziwazi.

Dhana: Injini ya utafutaji itakipandisha yenyewe kifurushi chenye jina lile lile.

Ukweli ni kwamba injini haijui jina ni nini. Kanuni ya BM25, inayoyapa matokeo alama za kuyapanga, na ambayo Lucene, maktaba ya kujengea injini za utafutaji, huitumia kama chaguo-msingi tangu toleo la 6 la mwaka 2016, hupima neno limejitokeza mara ngapi katika maandishi, ni adimu kiasi gani katika faharasa nzima, na maandishi yenyewe yana urefu gani. Hakuna kipimo hata kimoja kati ya hivyo kinachouliza kama neno lililoandikwa ndilo jina zima.

Tuutazame mfano huo kwa karibu. Muhtasari wa Flask unaeleza kwamba ni kiunzi chepesi cha kujengea programu changamano za wavuti, wala haulitaji neno Flask. Muhtasari wa Flask-Login, kiendelezi kinachoshughulikia watumiaji kuingia katika akaunti zao, unalitaja. Kichanganuzi cha kawaida, yaani sehemu ya injini inayogawa maandishi kuwa maneno, hulikata jina la kiendelezi hicho kwenye kistari na kupata maneno mawili, "flask" na "login". Kwa hiyo kiendelezi hujipatia alama kwenye jina na kwenye muhtasari pia, ilhali katika sehemu hizo mbili mwenye jina huambulia za jina peke yake. Ufupi wa jina humpa nafuu, lakini nafuu hiyo haina uhakika. Linaloudhi zaidi ni kurudisha maneno kwenye shina kwa kanuni za Kiingereza: "requests" na "request" huwa neno moja ndani ya faharasa, na majina mawili yaliyosajiliwa mbalimbali hayatofautiki tena.

Dhana: Ukiongeza uzito wa sehemu ya jina, tatizo limekwisha.

Uzito huo humpandisha kila mwenye neno hilo jinani, si yule mmoja tu, na idadi ya upakuaji ikichanganywa humo, kifurushi maarufu chenye jina refu kinaweza kumpita mwenye jina halisi. Dawa ni kulihifadhi jina pia katika sehemu ya pili isiyokatwakatwa, kisha kupanga matokeo kwa ngazi: kwanza liulizwe kama jina ni sawa, ndiyo au hapana, na baada ya hapo ndipo alama ziwapange waliobaki. crates.io, saraka ya vifurushi vya lugha ya Rust inayotumia hifadhidata ya PostgreSQL, hutanguliza usawa wa jina kabla ya kipimo cha maandishi. Ni sharti dogo, na sioni sababu ya saraka yoyote kulikosa.

Dhana: Kulingana kamili ni kulingana herufi kwa herufi.

Usawa huamuliwa na kanuni ya usajili ya saraka yenyewe. Kwa PyPI, waraka wa kanuni za Python uitwao PEP 503 unaagiza herufi kubwa zifanywe ndogo, na mfululizo wowote wa vistari, mistari ya chini au nukta ugeuzwe kuwa kistari kimoja, hivyo "zope.interface" na "Zope_Interface" ni jina moja. crates.io nayo haitofautishi kistari na mstari wa chini. Kanuni inayotumika wakati wa kusajili ndiyo itumike kwenye faharasa na kwenye neno la mtafutaji. Zikitofautiana, mtu ataambiwa kifurushi hakipo, nacho kipo.

Dhana: Anayejua jina hahitaji kutafuta.

Anahitaji, ili athibitishe toleo, leseni na watunzaji kabla ya kusakinisha. Tangu PyPI izime huduma iliyokuwa ikitegemewa na amri ya "pip search", ya kutafutia vifurushi bila kivinjari, mnamo Desemba 2020, kwa sababu ya mzigo uliopita kiasi, watumiaji wengi wamebaki na ukurasa wa wavuti.

Dhana: Kinacholingana kwa jina ndicho kinachotakiwa, tena ni salama.

Hapa ndipo uangalifu unapohitajika zaidi. Msimbo wa Python huita "PIL", lakini kifurushi cha kusakinisha ni Pillow; huita "yaml", lakini kifurushi ni PyYAML. Katika Debian, mfumo endeshi wa familia ya Linux, kifurushi kilichoitwa "git" kiliwahi kuwa zana nyingine kabisa za mradi wa GNU, na Git tunaoujua, mfumo wa kufuatilia mabadiliko ya msimbo, ulikuwa ukiitwa "git-core". Mwaka 2017, kifurushi "crossenv" kiliwekwa katika npm, saraka ya vifurushi vya JavaScript, kwa kuiga "cross-env", kikawa kinaiba vigezo vya mazingira (mipangilio ya kompyuta inayoweza kubeba siri kama nywila) vya waliokisakinisha. Mtu aliyesahau kistari angekiona hicho cha wizi kikiwa cha kwanza, kwa kuwa jina lililingana kabisa. Kwa hiyo ngazi ya jina kamili ibaki, ila pale jirani wa jina, yaani kifurushi chenye jina linalokaribiana nalo, anapokuwa amepakuliwa mara nyingi mno kuliko mwenye jina, aonyeshwe mara moja chini yake, pamoja na idadi ya upakuaji na tarehe ya kusajiliwa kwa kila mmoja.