Je, wajua kwa nini "Serikali inalifanyia kazi" huchukua muda mrefu?

Pantoni inayotoka Kigamboni ikikaribia Feri, geuza uso kulia. Jengo lile jeupe linalochungulia kwenye miti ni Ikulu ya Magogoni. Asubuhi moja mzee aliyesimama kando yangu, ndoo ya pweza miguuni, alilinyooshea kidole.

"Hivi hawa si wanaita mawaziri, wanakaa saa mbili, wanapiga kura, kwisha? Kila siku tunaambiwa Serikali inalifanyia kazi."

Mama mmoja akamjibu bila hata kugeuka: "Makaratasi, baba. Unadhani ni kikao cha harusi hicho, mtu anasimama tu anachangia?"

Mama alipatia. Kikao chenyewe ni kipande kifupi tu cha safari, na anayesafiri ni karatasi. Inaitwa Waraka wa Baraza la Mawaziri.

Tuanze na wanaokaa humo. Ibara ya 54 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inawataja: Makamu wa Rais, Waziri Mkuu, Rais wa Zanzibar na mawaziri wote, Rais akiwa mwenyekiti wao. Mwanasheria Mkuu wa Serikali anahudhuria na ana haki zote za mjumbe, isipokuwa kura. Naibu mawaziri si wajumbe. Yule naibu unayemsikia redioni akijibu maswali ya wabunge kwa kujiamini, jambo lilelile likifika Barazani yeye hana kiti.

Hiyo kura ya mzee nayo haina uzito anaoudhani. Baraza ni chombo kikuu cha kumshauri Rais, na Ibara ya 37 inasema wazi kwamba Rais halazimiki kufuata ushauri wa mtu yeyote, isipokuwa pale Katiba au sheria inapomtaka afanye hivyo.

Sasa huo waraka. Tuchukue mfuko wa rambo, maana kila mtu Dar anaukumbuka. Marufuku ya mifuko ya plastiki ilianza tarehe 1 Juni 2019, kwa kanuni zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Yaliyosemwa ndani ya vikao siyajui, na hata ningeyajua yangekuwa siri. Lakini hesabu tu meza ambazo mfuko ule unazigusa. Mazingira yako Ofisi ya Makamu wa Rais. Kiwanda kinachotengeneza mifuko kina mwenyewe, Wizara ya Viwanda na Biashara, na vijana waliomo wanataka kujua kesho watakula nini. Hazina itauliza pengo la kodi litazibwa na nini. Nani atamkamata mwenye duka Kariakoo? Mgambo wa halmashauri, kwa hiyo TAMISEMI, wanaosimamia serikali za mitaa, nao wamo. Dawa za hospitali zitafungwa kwenye nini? Maziwa je? Miche ya kwenye vitalu?

Ndiyo maana waziri mwenye hoja hawezi kuibeba mkononi akaingia nayo kikaoni. Wataalamu wake huandika waraka: tatizo ni nini, lilianzia wapi, kuna njia gani za kulitatua, itagharimu kiasi gani, sheria ipi itaguswa, na mwishoni Baraza linaombwa liamue nini hasa. Waraka huzungushwa kwenye wizara nyingine zinazohusika ili zitoe maoni. Sekretarieti ya Baraza huuchambua. Kisha unatua kwenye kamati ya makatibu wakuu wa wizara, chini ya Katibu Mkuu Kiongozi. Hapo wanaobishana ni watendaji, watu wa mafaili, na hakuna kamera. Waraka unaweza kurudishwa ulikotoka kwa sentensi moja tu: nendeni kwanza mkaelewane na Hazina.

Muda mwingi huishia hapo. Binafsi naona ni afadhali uishie hapo. Ugomvi wa wizara mbili usiomalizwa mezani utaukuta barabarani: huyu kakupa kibali, yule anakutoza faini.

Si kila kitu hupita njia hiyo, lakini. Pale ambapo sheria imeshampa waziri madaraka, anatunga kanuni, anasaini, zinachapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Kinachopanda hadi Barazani ni sera mpya, sheria mpya na mambo yanayovuka mipaka ya wizara moja. Kama ni sheria mpya, Baraza likisharidhia ndipo waandishi wa sheria wanaandika muswada, nao unapelekwa Bungeni.

Baraza likishaamua, nani anakumbuka kilichoamuliwa? Swali linaonekana la kitoto, lakini Uingereza lilikaa bila jibu la maana hadi mwaka 1916. Mawaziri walikutana bila mwandishi, Waziri Mkuu akamwandikia mfalme barua, na ilitokea waheshimiwa wakatoka kila mmoja na uamuzi wake kichwani. Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, Waziri Mkuu Lloyd George akamweka Maurice Hankey kuwa katibu wa kuandika. Kwetu kazi hiyo imo kwenye Katiba yenyewe, Ibara ya 60: Katibu wa Baraza huandaa ratiba, huandika na kutunza kumbukumbu, na huwafikishia uamuzi wanaohusika. Cheo hicho ndicho cha Katibu Mkuu Kiongozi.

Kumbukumbu hizo wewe na mimi hatuzioni. Ibara ya 54 inazuia hata mahakama kuchunguza kama Baraza lilimshauri Rais, na lilimshauri nini. Na kwa kuwa mawaziri huwajibika kwa pamoja mbele ya Bunge, aliyeshindwa hoja ndani anatoka nje kuutetea uamuzi alioupinga. Nyuzilandi wamechagua vingine: mwongozo wao wa taratibu za Baraza uko wazi kwa yeyote kuusoma, na tangu mwaka 2019 nyaraka za Baraza huchapishwa ndani ya siku 30 za kazi baada ya uamuzi, isipokuwa zenye sababu ya kuzuiwa. Ningependa kuona hata nusu ya hiyo hapa kwetu.

Ila wakati mwingine kanuni zenyewe zinakusimulia. Zile za mwaka 2019 ziliacha nje ya marufuku vifungashio vya dawa, vya kilimo, vya vyakula vya viwandani, vya ujenzi na vya usafi. Mimi nikiisoma orodha hiyo naona wizara zimepanga foleni, kila moja na ombi lake. Kupitia mlango huohuo plastiki ikarudi mtaani, kifungashio kikageuzwa kibebeo, hadi mwaka 2021 NEMC, baraza la taifa la mazingira, wakalazimika kutangaza upya kwamba hivyo ni vitu viwili tofauti.

Pantoni ilipogusa gati, mzee alikuwa ameshawauzia abiria wawili. Pweza aliwafungia kwenye kijinailoni chepesi cha kung'aa, kisicho na mikono.