Vitamini K: ya mboga, ya sindano na ya maneno ya mtaani

Jumapili sokoni Kibuye, mama anayeniuzia mboga hunipimia osuga (mnavu) kwa viganja viwili, kisha huniongezea kiganja kidogo cha dek (mgagani) juu yake. "Kula hii, mwanangu, inaongeza damu." Simbishii, nikibisha nitanyimwa nyongeza. Wala hajakosea kabisa, maana mboga hizo zina madini ya chuma na foleti, na hivyo ndivyo vinavyohusika na wingi wa damu. Ila majani yale yamejaa pia vitamini K, na hiyo haiongezi damu hata tone. Kazi yake ni kuizuia isimwagike.

Ini hutengeneza protini zinazogandisha damu mtu akijikata. Nne kati ya hizo hutoka zikiwa butu, na vitamini K ndiyo huzinoa. Aliyeigundua ni Henrik Dam wa Copenhagen, ambaye vifaranga wake waliolishwa chakula kisicho na mafuta walianza kuvuja damu chini ya ngozi. Mwaka 1935 akaipa jina K, kutokana na neno Koagulation, yaani kuganda. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1943 alipewa yeye pamoja na Edward Doisy wa Marekani.

"K ni ile ya kwenye ndizi"

Hapana. K inayoandikwa kwenye karatasi ya maabara ni potasiamu. Mgonjwa wa figo akiambiwa apunguze K, anaambiwa habari za potasiamu, na hiyo kweli imo kwenye ndizi. Vitamini K kwenye ndizi ni kama haipo.

"Mtoto amezaliwa mzima, sindano ya nini?"

Mke wa ndugu yangu alijifungua hapa Kisumu. Mtoto alikuwa hajamaliza hata saa mbili duniani, nesi akaja na sindano ndogo, akamkunjua paja. Mama yangu akainuka kitini.

"Hiyo ni ya nini tena?"

"Ni vitamini K, mama. Ya kuzuia asitokwe na damu."

"Vitamini? Kwani hatanyonya?"

Nilidhani nesi atachoka, lakini swali lile ndilo lenyewe. Kondo la nyuma hupitisha vitamini K kidogo mno, kwa hiyo mtoto huzaliwa akiwa karibu hana akiba. Bakteria wa tumboni, ambao kwa mtu mzima hutengeneza kiasi fulani, bado hawajaingia. Na maziwa ya mama, pamoja na sifa zake zote, yana mikrogramu 1 hadi 4 tu kwa lita nzima. Mama hata ale sukuma asubuhi na jioni, maziwa hayapandi kufikia kiasi cha kumkinga mtoto. Hilo halipunguzi thamani ya kunyonyesha. Lina maana tu kwamba hapa kuna pengo, na pengo hilo huzibwa kwa sindano.

Bila sindano, kati ya watoto 1,000, wawili hadi 17 wanaweza kutokwa na damu katika wiki ya kwanza: kitovuni, puani, tumboni. Inayotisha zaidi huchelewa. Huja kati ya wiki ya pili na mwezi wa sita, wakati familia imeshasahau habari za uzazi, na humpata zaidi mtoto anayenyonya tu. Ni nadra, watoto 4 hadi 7 kati ya 100,000, lakini karibu nusu yao huvuja damu ndani ya ubongo, na mmoja kati ya watano hufa. Mtoto ambaye hakudungwa ana hatari mara 81 ya kupata aina hii kuliko aliyedungwa. Sindano yenyewe ni miligramu 1, mara moja, basi. Mtoto aliye chini ya kilo moja na nusu hupewa nusu yake. Shirika la Afya Duniani linataka kila mtoto aipate.

Wengine huita chanjo. Si chanjo, chanjo za siku za mwanzo ni BCG na polio, na hii haina uhusiano nazo. Wengine wamesikia kwamba inaleta saratani. Hilo lina chanzo: utafiti mmoja wa Uingereza wa mwaka 1992 ulidokeza hivyo. Watafiti wa nchi kadhaa wakalifuatilia kwa watoto wengi zaidi, na uhusiano huo haukuonekana. La tatu ni kwamba inaleta manjano ya macho na ngozi. Hili nalo lilikuwa kweli enzi za miaka ya 1950, watoto walipopewa dozi kubwa za aina ya maabara iitwayo menadioni. Inayotumika leo ni K1, ile ile iliyo kwenye mboga.

Aliyejifungulia nyumbani ampeleke mtoto kituoni mapema na aulize kuhusu sindano hii. Mkunga wa kijijini kwa kawaida hana. Mama anayemeza dawa za kifafa au za TB aseme kabla ya kujifungua, kwa kuwa baadhi yake humnyang'anya mtoto hata kile kidogo alichokuwa nacho, na damu inaweza kuanza ndani ya saa 24. Kisha dalili: michubuko isiyoeleweka, damu kidogo puani au kitovuni, kinyesi cheusi wakati kile cha kwanza kimekwisha, utosi uliovimba, mtoto aliyepauka asiyetaka kunyonya. Ukiona hivyo usingoje asubuhi.

"Ukimeza dawa ya kulainisha damu, acha mboga zote"

Hii ndiyo iliyomsumbua shangazi yangu wa Siaya. Ana vali ya chuma moyoni na anatumia warfarini, dawa inayofanya kazi kwa kuizuia vitamini K isinoe zile protini. Kisa cha dawa hiyo ni cha ng'ombe. Miaka ya 1920 kule Marekani Kaskazini, ng'ombe waliokula nyasi za klova zilizooza walitokwa damu mpaka kufa. Maabara ya Karl Paul Link huko Wisconsin ilikipata kilichowaua, na kutoka hapo ikazaliwa warfarini, iliyouzwa kwanza kama sumu ya panya mwaka 1948 kabla ya kuwa dawa ya watu miaka ya 1950.

Jirani wa kitandani wodini alimwambia shangazi kwamba kwa kuwa mboga za kijani zinapingana na dawa, asiguse tena. Miezi miwili akala ugali na omena, ugali na samaki. Kipimo chake cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani, na ambacho kwake kinatakiwa kuwa kati ya 2.5 na 3.5, kikapanda mpaka 6. Akaamka na damu kwenye ufizi, mto umelowa. Wakapunguza dozi. Halafu tukawa na matanga, akakaa wiki nzima kwa dada yake akila dek ya maziwa mchana na usiku; alipopimwa tena, 1.7. Kwa vali ya chuma, hapo donge la damu linaweza kuota wakati wowote.

Kwa hiyo tatizo halikuwa mboga. Tatizo lilikuwa leo hakuna, kesho sufuria. Anayetumia warfarini ale mboga, ila kiasi kisipishane sana wiki hadi wiki, na dozi ipangwe kufuata chakula chake cha kawaida. Utafiti umeonyesha kwamba wanaokula vitamini K kidogo sana ndio ambao vipimo vyao huyumba zaidi. Dawa mpya kama rivaroksabani na apiksabani hazipitii kwa vitamini K, lakini hazifai kwa mwenye vali ya chuma, kwa hiyo shangazi yumo kwenye warfarini maisha.

Na wewe usiyetumia dawa hizo? Mboga haziwezi kukugandisha damu mishipani. Zile protini zikishanolewa, K ya ziada haizinoi mara mbili.

"Mkichemsha hivyo mnaua vitamini zote"

Watoto wetu waliosoma mjini hupenda kuwaambia nyanya zao hivi, wakiona osuga au tsisaka (ndiyo ile dek, kwa Kiluhya) ikichemshwa mpaka ilegee, maji yakamwagwa, kisha ikalazwa kwenye maziwa siku mbili. Kwa vitamini C na foleti, wana hoja. Vitamini K haijali: haiyeyuki kwenye maji na inauvumilia moto. Inachohitaji ni mafuta ili ipenye utumboni. Katika jaribio moja la mchicha na siagi, kiasi kilichofyonzwa kilipanda mara 3 siagi ilipoongezwa. Maziwa yenye malai juu, anayomimina nyanya, hufanya kazi hiyo hiyo. Anayeonea huruma moyo wake kwa kula sukuma ya maji matupu ndiye anayeikosa.

"Damu za puani ni upungufu wa K"

Rafiki yangu wa Nakuru huniuliza hili kila Januari, upepo unapoinua vumbi na mwanawe kuanza kuchafua mashati. Ni ukavu wa hewa, na kidole. Amwinamishe mbele, ambane pua sehemu laini dakika 10. Mtu mzima anayekula kawaida hapungukiwi K kirahisi. Wanaopungukiwa ni wenye ini bovu, nyongo iliyoziba, au waliotumia antibiotiki muda mrefu huku hawali.

"Vidonge vya K2 vinaimarisha mifupa na kusafisha mishipa ya moyo"

K2 ni aina nyingine ya vitamini K, tofauti na K1 ya mboga. Kemisti wanaviuza vidonge vyake, na si bei ya sukuma. Japani hutumia dozi kubwa za K2 kutibu mifupa dhaifu, lakini kwingineko majaribio hayajakubaliana. Kuhusu moyo, watafiti wa Denmark waliwapa wanaume K2 pamoja na vitamini D kwa miaka 2. Jumla walikuwa 365, wengine wakipewa kidonge kitupu. Matokeo yalitoka mwaka 2022: kasi ya chokaa kujijenga kwenye vali ya moyo haikupungua kiasi cha kuridhisha. Shangazi aliletewa kopo moja na binti yake kutoka Nairobi. Tulilirudisha, kwa sababu K2 hupingana na warfarini sawasawa na mboga, na tofauti na mboga, hata kiasi kidogo cha baadhi ya aina zake hukaa mwilini siku kadhaa.