Je, wajua kwa nini rangi ya deraya ya povu hupasuka viungoni?

Deraya (vazi la kivita) ya askari wa kubuni wa anga za mbali, iliyotengenezwa nyumbani kwa povu kwa ajili ya maonyesho, huonekana chuma kitupu inapovaliwa mara ya kwanza. Mvaaji akishapanda bodaboda, akakaa, akainama kufunga kiatu, rangi huwa imeshachanika kiunoni, viwikoni na nyuma ya magoti, na povu limeanza kuchungulia. Wengi huilaumu rangi, wakanunua kopo la bei kubwa zaidi, nalo likapasuka vilevile. Sababu haimo koponi.

Povu linalotumika huitwa EVA, lilelile la soli za kandambili nyingi na la mikeka ya rangirangi ya watoto inayounganishwa kwa meno. Vitundu vyake vya hewa vimefungwa, kila kimoja peke yake, ndiyo maana halinyonyi maji kama sponji ya godoro. Sasa chukua kipande chenye unene wa milimita 10, kikunje kuzunguka bomba lenye kipenyo cha sentimita 10. Uso wa ndani unabanwa, uso wa nje unarefuka kwa takriban asilimia 9 ukilinganisha na katikati ya povu. Povu lenyewe halijali. Rangi ya mafuta iliyokauka, iliyotengenezwa ikae juu ya mlango au geti lisilocheza, haiwezi kulifuata, basi inakatika.

Kwa hiyo kuna kazi mbili. Ya kwanza, na ndiyo kubwa, ni kukata deraya kwa namna ambayo sehemu iliyopakwa rangi hailazimiki kukunjika. Ya pili ni kuhakikisha tabaka zote zilizo chini ya rangi zinanyumbulika.

Povu lipi?

Kwa mtu mzima, deraya kamili pamoja na chapeo hula vipande 12 hadi 16 vya sentimita 60 kwa 60, unene wa milimita 10 au 12. Ongeza povu jembamba la milimita 3 hadi 5 kwa mapambo ya juu. Dodoma mjini anza kuulizia kwenye maduka ya vifaa vya watoto na vya mazoezi, kisha kwa wanaowauzia mafundi viatu malighafi za soli.

Usinunue kwa macho tu. Mikeka mingine ya mazoezi ni ya mpira au ya plastiki ya PVC, na hiyo haifai. Omba kipande kidogo, kipashe moto kwa hewa moto hadi kilainike, kikunje, ukishikilie mpaka kipoe. EVA hubaki na umbo ulilolipa. Mpira hurudi ulivyokuwa. Kisifike kuungua wala kutoa moshi: kikiwa cha PVC, moshi wake una asidi inayounguza koo na mapafu.

Sponji ya godoro inafaa kwa kuweka ndani ya chapeo tu, isiume kichwa. Na lile povu jeupe linalokuja kwenye boksi la televisheni, lenye chembechembe za mviringo, huyeyuka likipuliziwa rangi ya kopo au kupakwa gundi ya viatu. Liache.

Kukata ili lisikunjike

Mvishe mtu fulana ya zamani inayobana, mzungushie nailoni ya kufungia chakula, kisha funika yote kwa tepu ya karatasi. Chora mipaka ya vipande kwa kalamu ya wino mzito moja kwa moja mwilini, huku akikaa, akiinua mikono na kupiga hatua. Hapo ndipo utaona mistari ya kweli ya mkunjo. Dirii ya kifuani iishie kwenye ubavu wa mwisho, isishuke kiunoni. Tumbo lipate kipande chake peke yake. Kati ya kipande cha juu ya kiwiko na cha kigasha acha sentimita 5 hadi 6, na magotini vivyo hivyo. Mwanya huo utazibwa na nguo nyeusi ya kubana inayovaliwa ndani, na watazamaji hawatauona kama upungufu.

Kata nailoni hiyo kwa mkasi, ibandue, ihamishie kwenye karatasi ya manila. Chora upande mmoja tu wa mwili kisha geuza manila kwa upande wa pili, la sivyo bega moja litakuwa kubwa kuliko jingine.

Hapa watu wengi hukosea hesabu. Povu la milimita 10 likizungushwa mkononi, mzunguko unaohitajika si ule wa ngozi. Ongeza sentimita 3 kwa ajili ya unene wa povu, halafu sentimita 2 au 3 za nguo na za kupumua. Kipande kinachobana hukunjika kila msuli unapotuna, na rangi yake ndiyo ya kwanza kuachia.

Kisu kiwe kikali kupita unavyodhani. EVA hufanya wembe kuwa butu haraka, na wembe butu hauchani povu, unalinyofoa. Pitisha kisu mara mbili kwa mkono mwepesi badala ya mara moja kwa nguvu, wima kabisa, ili kingo mbili zikutane bila ufa. Mahali unapotaka kona, laza kisu nyuzi 45 kwenye kingo zote mbili.

Moto kwanza, gundi baadaye. Pasha kipande kwa mashine ya hewa moto, ukiizungusha umbali wa sentimita 10 hivi, kikunje juu ya paja, chungu au bomba, shikilia hadi kipoe. Kikishajifunza umbo lake, hakivuti tena kurudi bapa, na maungio hayapati mzigo. Ukigundisha kwanza kisha ukapasha, gundi hulainika na maungio hufunguka. Jiko la mkaa halifai kwa kazi hii: hupasha upande mmoja na kuacha masizi ambayo rangi haitashika juu yake.

Gundi ni ile ya mafundi viatu. Paka tabaka jembamba pande zote mbili, subiri hadi ukigusa kwa kidole isivute uzi, kisha gandamiza. Inashika papo hapo, hakuna kusogeza. Makopo mengi huandika dakika 10 hadi 15, lakini kwa upepo mkavu wa Dodoma mwezi wa Julai au Agosti anza kugusa baada ya dakika 5. Ikikauka kupita kiasi, ipulizie hewa moto kidogo, itaamka. Fanya kazi hii nje, mbali na jiko, kwa sababu mvuke wake unashika moto na unalevya. Barakoa ya kitambaa haiuzuii mvuke huo. Gundi ya matone inayokauka kwa sekunde haifai kwenye maungio, kwa kuwa huacha mstari mgumu kama kioo. Mstari huo haunyumbuliki, na rangi hupasuka juu yake hata pasipo kiungo.

Mstari unaofunguka wenyewe

Ile mistari ya vibati inayozipa deraya za anga sura ya mashine haichorwi kwa rangi. Ikate kwa wembe hadi nusu ya unene, kisha pitisha hewa moto juu yake. EVA hutoka kiwandani ikiwa na mkazo ndani. Joto linaulegeza, uso unajikunyata, na kata iliyokuwa nyembamba kama unywele inafunguka kuwa mfereji wenye kingo za mviringo. Mfereji huo utakuja kubeba uchafu wa rangi, na uchafu huo ndio utakaodanganya jicho.

Kabla ya rangi hiyo, ziba maungio. Puti ya ukutani na puti ya magari zote ni ngumu, zitapasuka. Silikoni ya madirisha ya aluminiamu inanyumbulika vizuri sana, ila rangi haishiki juu yake. Kinachofaa ni silanti ya akriliki, ile ambayo kopo linasema inapakika rangi. Ijaze ufani, isawazishe kwa kidole kilicholoa, iache usiku kucha. Sugua kwa msasa namba 120, kisha 240, ukivaa barakoa ya vumbi. Mwisho pitisha hewa moto uso wote kwa haraka, bila kukaa juu ya maungio gundi isije ikalainika: rangi ya povu hubadilika kidogo na kupata mng'ao hafifu, dalili kwamba vitundu vya juu vimejifunga. Ukiona malengelenge, umekaa sehemu moja muda mrefu.

Tabaka za chini

Hapa ndipo deraya inapookolewa au kupotea. Gundi nyeupe ya mbao, sehemu 2 kwa maji sehemu 1, mara 4 hadi 6, ni njia ya bei nafuu na inafanya kazi kwenye vipande visivyocheza, kama bega na chapeo. Udhaifu wake ni maji: jasho la kwapani huilainisha, nayo rangi hubanduka kama ganda. Kwa dirii, tumbo na mapaja tunapendelea rangi ya kuziba paa ya akriliki yenye mpira, inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Ipake nyembamba kwa sponji mara 3 au 4, uiache ikauke saa kadhaa kati ya mkono na mkono, yaani kati ya tabaka na tabaka. Inafuata povu linakokwenda.

Usiamini kopo lolote, hili tunalolipendelea likiwemo, kabla ya jaribio hili. Kata kipande cha sentimita 5 kwa 15, kipake tabaka zote kuanzia ya chini hadi rangi ya mwisho, kiache siku nzima. Kizungushe kwenye chupa ya soda. Kikipasuka hapo, mchanganyiko huo haufai popote. Kisipopasuka, jaribu kwenye mpini wa fagio. Kikivumilia huo, kipake hata kiunoni.

Kupuliza rangi katika upepo wa Dodoma

Kuanzia Mei hadi Oktoba mvua karibu haipo, hewa ni kavu na upepo unabeba vumbi. Matone ya rangi hukauka hewani kabla ya kufika, yanatua kama unga, na rangi ya fedha uliyoitarajia inakuwa kijivu cha saruji. Puliza alfajiri upepo ukiwa bado umelala, mwagia maji ardhi kuzunguka, tumia boksi kubwa la friji kama kibanda, na usogee hadi sentimita 20. Asubuhi za Julai kopo huwa baridi na hutema matone makubwa. Litumbukize kwenye maji vuguvugu kwa dakika chache, kamwe si karibu na moto. Msimu wa mvua tatizo hugeuka: vanishi ikipulizwa hewa ikiwa na unyevu hupata ukungu mweupe. Subiri jua la mchana.

Anza na nyeusi inayong'aa, si nyeupe. Fedha ije juu yake katika mikono miwili miembamba, ikiacha weusi mifereji yote. Chuma halisi hakina rangi moja: kingo zinazoguswa husuguliwa zikang'aa, mashimo hukusanya mafuta na vumbi. Kwa hiyo chovya brashi kavu kwenye fedha, ifute kwenye kitambaa hadi karibu isibaki kitu, kisha ipitishe kwenye kingo tu. Unga wa penseli ya 6B ukisuguliwa kwa kidole juu ya nyeusi hutoa sura ya chuma cha bunduki ambayo kopo halitoi. Kwa mifereji, changanya akriliki nyeusi na kahawia kwa maji mengi, paka, futa baada ya dakika moja.

Na kwa vumbi la safari, hakuna rangi ya dukani inayoshinda udongo mwekundu wa hapa hapa. Uchekeche kwa kitambaa, uchanganye na maji yenye gundi nyeupe kidogo, upake kuanzia chini kwenda juu: miguu mingi, mapaja kiasi, kifua kidogo sana. Vanishi iwe ya maji na isiyong'aa, mkono mmoja. Ile ya thina huweza kuilainisha fedha na kuizima.

Kuivaa

Mikanda isibandikwe juu ya povu tu. Laza ncha ya lastiki yenye upana wa sentimita 4 kati ya dirii na kiraka cha povu jembamba, gundi pande zote, ili mvuto usambae. Mabega yaning'inie kwenye dirii, mapaja kwenye mkanda wa kiunoni. Kipande kinachoning'inia hakisukumwi na mwili.

Oktoba na Novemba, mchana wa Dodoma huweza kupita nyuzi 30, na EVA haipitishi hewa. Toboa chapeo chini ya kidevu na nyuma ya kisogo, weka feni ndogo ya kompyuta ya volti 5 inayotumia pawabanki, na uvue chapeo kila baada ya dakika 20 unywe maji. Usiache deraya ndani ya gari lililofungwa juani. Juu ya dashibodi joto hupita nyuzi 60, gundi ya viatu hulegea, na povu hurudi kutafuta ubapa wake.

Ufa ukitokea hata hivyo, usipulizie rangi juu yake. Chimba rangi iliyolegea kwa ncha ya wembe hadi ufike inaposhika, sugua kwa msasa namba 240, paka mikono miwili ya rangi ya paa kwa brashi nyembamba, kisha nyeusi, kisha fedha. Ukipasuka tena mahali palepale, tatizo ni mkato: kata povu kwenye mstari huo huo, acha mwanya wa sentimita 1, uunganishe kwa lastiki kutoka ndani.