Mzigo wa joto si halijoto ya nje

Tangu mabasi ya umeme ya Kiira Motors, kampuni ya Uganda ya kuunda magari, yaanze kuonekana barabarani, maneno "mzigo wa joto" yamekuwa yakitajwa kana kwamba ni jina jingine la halijoto: leo ni nyuzi 30, basi mzigo ni mkubwa; jana zilikuwa 26, basi ulikuwa mdogo. Sivyo. Mzigo wa joto ni kiasi cha joto ambacho kiyoyozi hupaswa kukitoa ndani ya gari kila sekunde ili abiria wasipatwe na fukuto, nacho hupimwa kwa wati, si kwa nyuzi.

Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Hulibeba joto lililomo ndani na kulimwaga nje. Kwa hiyo la kuulizwa kwanza ni joto hilo limetoka wapi, na hewa ya nje ni chanzo kimoja tu, tena hapa Kampala, mji ulio kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, mara nyingi si chanzo kikubwa. Mtu aliyeketi hutoa wati 100 hivi. Kayoola EVS, basi lililoundwa kubeba abiria 90, likijaa hupata takribani kilowati 9 kutoka miilini mwao, ukiwemo mvuke wa pumzi na jasho, ambao kiyoyozi hulazimika kuugeuza kuwa maji. Jua la huku kwenye ikweta nalo linaweza kufikia wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Saa sita mchana hupiga paa, lakini asubuhi na alasiri huingia kwa ubavu kupitia vioo, ndiyo maana abiria wa dirishani huungua bega ilhali kipimo kilicho mbele ya dereva kinaonyesha nyuzi 24. Ongeza mlango unaoachwa wazi kituoni huku kondakta akiita abiria, na utaona kwamba mabasi mawili yanaweza kuwa chini ya halijoto ileile, moja likiwa na mzigo maradufu ya jingine.

Katika basi la umeme kosa hili lina gharama, kwa sababu kompresa, yaani pampu inayoendesha kiyoyozi, hutumia betri ileile inayozungusha magurudumu, na haijali kama gari linatembea au limesimama. Kiyoyozi kikivuta kilowati 10 kwa saa nzima kwenye msongamano wa Barabara ya Jinja, zimekwenda kilowati-saa 10, ambazo zingeliendesha basi la ukubwa huo takribani kilomita 8. Anayepaka paa rangi nyeupe, anayeweka utando wa kukinga jua kwenye vioo, na anayelipoza basi lingali kwenye chaji ili umeme utoke ukutani badala ya betrini, wote hao wanapunguza mzigo huo, ingawa halijoto ya Kampala haijabadilika hata nyuzi moja.

Vivyo hivyo, dereva anayelikuta basi limeanikwa juani na kushusha kidhibiti hadi nyuzi 16 halipozi haraka zaidi, kwa kuwa kompresa tayari inafanya kazi kwa nguvu zake zote. Anachokifanya ni kuinyima pumziko baadaye. Ni heri afungue madirisha na milango kwa dakika mbili tatu, hewa iliyochemka itoke yenyewe, kisha afunge na kuweka 24 au 25.