Barua ya hakimiliki ikikufikia Lubumbashi: nani anaweza kutoa jina lako?

Malalamiko ya namna moja yanazidi kufika kwetu. Mkaaji wa Katuba au Kamalondo anapokea ujumbe wa WhatsApp wenye nembo ya Jamhuri: ameonekana akipakua filamu za wizi, atume pesa leo kwa simu, la sivyo jina lake litafika parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka. Faini ya serikali haitumwi kwenye simu ya mtu. Hulipwa benki, kwa noti ya persepsio (hati ya malipo) ya DGRAD, ofisi ya mapato ya serikali, nawe unabaki na risiti. Konvokasio (barua ya kuitwa) ya kweli inataja ofisi inayokuita, namba ya faili na cheo cha aliyesaini, pamoja na muhuri. Mwonyeshe wakili kabla hujajibu neno.

Kipengele cha 31 cha Katiba ya Kongo kinalinda siri ya mawasiliano, isipokuwa katika hali zilizotajwa na sheria. Mwenye filamu, hata kama haki ni yake, hawezi kuingia ofisi ya kampuni ya simu akadai majina ya wateja. Anapitia parke au tribunali. Ombi nalo lazima liwe kamili. Kampuni za simu hugawia wateja wengi anwani moja ya IP (namba ya muunganisho wa intaneti) kwa wakati uleule, kwa hiyo inatakiwa pia namba ya poti inayomtenga mteja mmoja na mwingine, tarehe, na saa hadi sekunde. Hapo ndipo mambo huharibika: Lubumbashi iko saa moja mbele ya Kinshasa, na ombi lisilosema ni saa za wapi huweza kumwangukia asiyehusika kabisa. Tena mwenye SIM si lazima awe ndiye aliyepakua.

Kwa majukwaa ya Marekani njia ni nyingine. Sheria yao ya 1998, DMCA, inamruhusu mwenye haki kuomba hati ya kudai jina la aliyepandisha kazi yake. Hati hiyo hutolewa na karani wa mahakama, si jaji. Lakini majaji wa huko hawakubali kila ombi. Mwaka 2023 na 2024, mahakama ya San Francisco ilikataa kuilazimisha Reddit, jukwaa la majadiliano, itoe taarifa za watumiaji ambao makampuni ya filamu yaliwataka kuwa ushahidi tu katika kesi dhidi ya kampuni za intaneti.

YouTube ndiko wengi wanakojitaja wenyewe. Dai la Content ID, mfumo wa YouTube unaotambua kazi za wengine ndani ya video, si onyo. Linaweza kuzuia video au kuchukua mapato yake. Maonyo matatu ya hakimiliki ndani ya siku 90 ndiyo yanaweza kufunga chaneli. Ukijaza fomu ya kupinga onyo, unaandika jina kamili na anwani, vinapelekwa kwa mlalamikaji, na unakubali kesi isikilizwe California. Mlalamikaji ana siku 10 za kazi kuonyesha kwamba amefungua kesi. Watu wanajaza kwa hasira, halafu wanatuuliza nani amewauza! Na kuandika chini ya video kwamba muziki si wako hakukupi ruhusa yoyote. Hili tumelieleza mara nyingi mno.

Usifute akaunti baada ya konvokasio: itaonekana unaficha ushahidi. Hifadhi ujumbe mzima, namba iliyoutuma na tarehe.

Wanaojaza filamu kwenye flash za wateja, hayo ya IP hayawahusu sana. Kwao ipo sheria ya hakimiliki ya tarehe 5 Aprili 1986, na ushahidi uko mezani pao.