Kuisoma Kazi Ikiwa Bado Inaandikwa: Hati za Pamoja za Mtandaoni Katika Ufundishaji

Walimu wengi wanaoanza kutumia hati za pamoja za mtandaoni, kama zile za Google Docs ambazo watu kadhaa wanaweza kuandika ndani yake kwa pamoja, huzitumia kama sanduku la kukusanyia kazi: mwanafunzi anaandika, anatuma kiungo, na mwalimu anaifungua hati siku ya mwisho ili asahihishe. Matumizi hayo si mabaya, lakini yanaliacha jambo ambalo karatasi haikuweza kutupa kamwe, nalo ni nafasi ya kuiona kazi ikiwa bado inaandikwa, wakati neno la mwalimu bado linaweza kuibadilisha. Ninafundisha uandishi wa kitaaluma chuoni, na kwangu hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuzitumia zana hizi.

Wazo lenyewe ni la siku nyingi. Mwaka 1989 Clarence Ellis na Simon Gibbs, waliokuwa watafiti huko Austin, Texas, walichapisha makala kuhusu GROVE, programu iliyowawezesha watu kadhaa kuhariri matini moja kwa wakati mmoja. (Ellis alikuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata shahada ya uzamivu katika sayansi ya kompyuta, mwaka 1969, na mimi hupenda wanafunzi wangu walijue jina lake.) Ugumu waliokabiliana nao unaonekana katika sentensi fupi tu. Tuseme hati ina maneno “mto umekauka”. Mwanafunzi wa kwanza anaongeza “leo” mwanzoni pamoja na nafasi inayolifuata, jumla alama nne. Papo hapo mwenzake, ambaye bado hajaiona nyongeza hiyo, anaongeza “mdogo” na nafasi inayolifuata baada ya alama ya nne, yaani baada ya “mto” na nafasi yake. Amri ya pili ikitekelezwa kama ilivyotumwa, tutapata “leo mdogo mto umekauka”. Kwa hiyo mfumo huisogeza amri hiyo mbele kwa alama nne, na wote wawili wanasoma “leo mto mdogo umekauka”. Mbinu za ukoo huo ndizo zilizoingia katika EtherPad, programu ya kuandika pamoja mtandaoni, mwaka 2008 na katika Google Docs, ambayo chimbuko lake ni Writely, programu ya mwaka 2005 iliyonunuliwa na Google mwaka uliofuata.

Nimeeleza hayo kwa sababu yana faida ya moja kwa moja kwa mwalimu. Mabadiliko yanayosafiri kama amri ndogondogo yanaweza pia kuhifadhiwa, na ndiyo maana hati hizi zina historia ya matoleo. Humo unaweza kurudi nyuma na kuona aya ilivyokuwa juzi, nani aliiongeza, na nini kilifutwa. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa akiandika kuhusu uvuvi wa Ziwa Victoria alianza na sentensi tunayoikuta katika insha nyingi: “Uvuvi ni shughuli muhimu sana nchini Tanzania.” Alifuta “sana”, akarudisha, akaongeza takwimu, akazifuta. Katika aya ya tatu ndipo ilipojitokeza sentensi ya namna nyingine kabisa, kwamba wavuvi wa dagaa hupumzika mbalamwezi inapokuwa kali kwa sababu taa zao hazivuti samaki, na kwamba siku hizo za mwezi kaya zao huishi kwa mkopo. Niliweka maoni pembeni: “Hii ndiyo hoja yako. Kwa nini iko huku chini?” Kesho yake aya ya kwanza ilikuwa imeondoka yote, na insha ilianzia kwenye mbalamwezi. Swali hilo hilo likiandikwa kwa kalamu nyekundu baada ya alama kutolewa halisaidii chochote, kwa kuwa kazi imeshafungwa na mwanafunzi anatazama alama tu.

Ili jambo hili liwezekane, ruhusa zipangwe mapema. Katika Google Docs, mwenye ruhusa ya kutazama au kutoa maoni tu haioni historia ya matoleo. Ni lazima awe na ruhusa ya kuhariri. Tena, nakala ya hati haibebi historia, na faili iliyopakuliwa kama PDF haina chochote cha nyuma. Kwa hiyo mimi hutengeneza hati mwenyewe, huwapa wanafunzi ruhusa ya kuhariri, na kuwaomba waandike humo tangu rasimu ya kwanza.

Kuhusu njia ya kurudisha maoni, nina msimamo ambao baadhi ya walimu wenzangu hawaukubali. Hali ya mapendekezo, ambapo mwalimu anarekebisha maneno na mwanafunzi anabofya ili kukubali, huonekana kuwa ya upole na ya haraka, lakini mwanafunzi anaweza kuyakubali mapendekezo yote bila kusoma hata moja. Sentensi zinanyooka, na aliyeziandika anabaki pale pale. Ndiyo maana mimi hutumia maoni ya pembeni zaidi, mengi yakiwa maswali, na katika rasimu moja huweka machache. Makosa ya tahajia huyaonyesha mara moja tu, kisha humwachia mwenyewe ayatafute mengine.

Kazi za vikundi zinahitaji uangalifu mkubwa zaidi. Sote tunajua malalamiko ya wanafunzi kwamba fulani anabebwa na wenzake, na historia ya matoleo inavutia kwa sababu inaelekea kuonyesha nani alifanya nini. Ukweli ni kwamba inaonyesha tu nani alichapa. Mwanafunzi aliyekwenda sokoni kuwahoji wauzaji anaweza asionekane kabisa, kwa sababu aliyachukua majibu kwenye daftari na mwenzake mwenye kompyuta akayaingiza. Kabla ya kutoa alama nawataka wanakikundi waandike mwishoni mwa hati, kwa majina, kila mmoja alishughulikia nini, kisha nasoma maelezo hayo sambamba na historia. Vinapopingana, tunakaa na kuzungumza.

Tahadhari hiyo hiyo inahitajika unapoona aya nzima imeingia kwa mkupuo. Siku hizi, kwa hofu ya programu za akili unde, wapo wanaolichukulia tukio hilo kuwa ushahidi wa udanganyifu. Katika mazingira yetu hoja hiyo haisimami. Wanafunzi wengi huandika kwa simu, bando likiisha wanaendelea kwenye daftari au kwenye ujumbe wanaojitumia wenyewe, kisha wananakili yote wanapopata mtandao. Mkupuo ni sababu ya kumuuliza mwanafunzi aieleze aya yake. Si zaidi ya hapo. Ili kupunguza gharama, nawashauri waiwezeshe hati kufunguka bila mtandao kupitia programu ya simu, na waache picha hadi mwisho, maana maneno matupu hutumia data kidogo sana.

Lipo pia suala la aibu. Kuna wanafunzi wanaoshindwa kuandika wanapoiona alama ya kishale yenye jina la mwalimu ikitembea ndani ya hati yao, na wana haki ya kujisikia hivyo, kwa sababu rasimu ni mahali pa kukosea kwa uhuru. Mwanzoni mwa muhula huwaambia siku nitakazoingia kusoma, na siku nyingine siingii. Huwaeleza pia kwamba historia ya matoleo ipo na kwamba ninaisoma, kwani kumchunguza mtu bila yeye kujua kunaharibu uaminifu ambao ufundishaji wote unautegemea.

Mwisho ni suala la ulinzi wa kazi hizo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, kama ile ya Kenya ya mwaka 2019, inahusu pia majina, anwani za barua pepe na maandishi ya wanafunzi wetu. Kiungo kilichowekwa wazi kwa yeyote anayekipata kinaweza kuishia kwenye kundi la WhatsApp la watu tusiowajua, kwa hiyo hati za darasa zifunguliwe kwa majina ya wahusika pekee. Matokeo yakishatolewa na muda wa rufaa kupita, huwapa wanafunzi wiki mbili za kunakili kazi zao, kisha nafunga ruhusa zote na kufuta hati ambazo chuo hakihitaji kuzitunza.